Bomba la Chumba cha Juu

Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye taa ya ukumbi, na Sidonie alikuwa amepiga magoti akiyakausha kwa mataulo ya hoteli.

"Wewe ndiye unayesafisha chumba cha juu," Darshan, meneja, alimfokea. "Umeacha bomba wazi. Vua hiyo aproni uende zako."

Naftali alisimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Chumba cha juu kilikuwa chake.

Alikuwa amefika Stratford, London, jana yake akitokea Kitui, kwa ajili ya mafunzo ya kudhibiti matumizi ya maji. Asubuhi alifungua bomba, likakohoa tu. Mafundi walikuwa wamefunga maji barabarani. Akaliacha wazi kama afanyavyo nyumbani, ili maji yakirudi ayasikie. Akaziba na tundu la sinki, yakija yasipotee bure. Kisha akashuka kunywa chai, akasahau.

"Bosi, sijaingia kule leo," Sidonie alisema. Akamwona Naftali, ambaye walikuwa wamesalimiana naye kwa Kiswahili kwenye ngazi, akamgeukia kwa Kiswahili cha kwao. "Papa, unisaidie kumuambia. Miye siyaingia kule."

Naftali alikunywa funda la chai.

Wahandisi waliokuja kwenye mafunzo walikuwa wamejibanza ukutani, wengine wamejifunika makoti kichwani. Walikuwa wakicheka.

"Mtu mzima anaachaje bomba wazi?" mmoja aliuliza.

Naftali naye akatabasamu kidogo, kama asiyehusika. Hakuna ambaye angejua. Lakini Sidonie alikuwa ameanza kufungua aproni, na fundo lilikuwa likimshinda.

"Ni mimi," Naftali alisema.

"Umesemaje?"

"Bomba nililiacha wazi mimi. Mama huyu hana kosa."

Kicheko kikakatika. Darshan alimtazama kutoka viatuni hadi usoni. Sidonie alikaza tena aproni yake, akaokota taulo na kuendelea kukausha. Hakumshukuru. Hakumtazama hata. Naftali alitamani apande juu, afunge begi lake, arudi uwanja wa ndege bila kumuaga mtu.

Myriam, mwandalizi wa mafunzo, tayari alikuwa ameshika kipaza sauti. Alikohoa, macho yake yakiwa sakafuni.

"Wahandisi wenzangu wa London," alisema, "huyu ndiye mwalimu tuliyemwalika kutoka Kenya, aje atufundishe kutunza maji."