Chaji ya Dakika Arobaini

Baba Lulu aliingiza mkono chini ya kitanda, akagusa betri ya pikipiki yake ya umeme, akaurudisha mkono upesi. Ilikuwa ya moto, na ubavu wake ulikuwa umevimba kama andazi.

Fundi wa Vingunguti alikuwa amemhakikishia. "Braza, chaja hii nimeichokonoa mwenyewe. Masaa manne yako yanakuwa dakika arobaini. Kile kidude cha kuizima ikipata moto nimekitoa, kilikuwa kinachelewesha tu. Ukiona feni yake inazunguka, jua mzigo unaingia."

Sasa feni ilikuwa imesimama. Umeme ulikatika mtaa mzima, ndiyo maana akainama kuchungulia uvunguni. Juu ya kitanda hicho hicho, ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, Lulu alikuwa amelala.

Akalala kifudifudi, akaivuta plagi ya chaja. Haikutoka. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kugandana na soketi ya ekstensheni. Akavuta tena, hadi kucha ikang'oka.

"Mama Lulu! Njoo umtoe mtoto!"

"Ndo kwanza kalala," mkewe akajibu kutoka uani, akifua. "Ukimwamsha utambeba mwenyewe!"

Akaiacha plagi. Akaanza kuchomoa chandarua, vidole vikiteleza kwa damu. Mkono ulikuwa umeshapita ndani, umeshakipata kisigino kidogo chenye joto la usingizi, pale mtaa mzima ulipolipuka kwa shangwe, watoto na watu wazima kwa sauti moja:

"Umerudiiii!"

Uvunguni, feni ikaanza kuzunguka.