Digidigi Apakwa Uzee

Paliondokea ligi ya wanyama wazee, na siku hiyo timu ya Fisi ikifungwa ilikuwa inashuka daraja. Fisi, ambaye hakuzaliwa na haya, akamchukua Digidigi, kijana asiyejua hata kuumwa jino, akampaka majivu kidevuni na kumfundisha kuchechemea.

"Ukiulizwa lolote, sema mgongo."

"Mgongo umefanya nini?"

"Wewe sema tu. Wazee tunaelewana."

Uwanjani, refa Korongo alimtazama Digidigi, akaangusha filimbi makusudi. "Babu, niokotee."

Digidigi akainama, akaiokota, akampa.

Hakushika kiuno, hakuguna, wala hakusahau alichoinamia.

"Toka nje, mjukuu wangu," akasema Korongo.

"Mgongo," akajibu Digidigi.

Fisi akapandwa na hasira. "Mjinga wewe, mzee anainama hivi!" Akainama, akaguna vizuri kabisa, na hapo hapo akanasa.

Timu ikacheza pungufu, ikafungwa, ikashuka. Wenzake walipomwinua Fisi, mbele ikakubali, nyuma ikakataa. Mtazame anavyotembea mpaka leo.