Kioo cha Nusu Giza

Yule mama aliingia studio, akafunga mlango kwa komeo, kisha akavuta stuli na kuketi papo hapo mlangoni.

"Wewe ndiye Kipngetich?"

"Ndiye mimi, madam. Karibu. Ni picha ya pasipoti ama ya kitambulisho cha kazi?"

"Naitwa Chepkurui. Nimekuja kwa hii." Akamwonyesha simu yake. "Mapambazuko ya Subukia. Imeandikwa jina lako."

Huyu ni mtu wa shindano, Kipngetich akawaza. Picha hiyo ilikuwa imeingia kumi bora katika shindano la hoteli moja ya Naivasha, na waandalizi walikuwa wamesema wazi kwamba kila aliyefika hapo ataulizwa jinsi alivyoipiga. Mshindi angepata kazi ya mwaka mzima, kupiga picha za mabonde na maziwa. Yeye alikuwa na miaka kumi na mbili katika chumba hiki kisicho na dirisha, nyuma ya soko la Nakuru, akiwaambia watu wainue kidevu na wasicheke. Alikuwa amechoka, jamani. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa.

Shida ilikuwa moja tu: picha haikuwa yake. Aliyeipiga ni Hezekiah, mteja mmoja mpole aliyeleta kadi ya kamera mwezi wa Februari asafishiwe picha sita, kisha akapotea moja kwa moja. Kipngetich alingoja mwezi mmoja, akangoja wa pili, halafu shetani akamwambia tuma, naye akatuma.

Lakini alikuwa amejiandaa. Kwa wiki mbili alikuwa amesoma kwenye simu kila kitu kuhusu vile vioo vya wapiga picha wa mandhari.

"Niambie uliipigaje," Chepkurui akasema, akifungua daftari. "Polepole, nisikosee."

"Shida ya alfajiri, madam, ni kwamba anga linang'aa na bonde bado ni giza. Ukifuata bonde, anga linakuwa jeupe pe. Ukifuata anga, bonde linakuwa masizi matupu. Kwa hivyo unaweka kioo mbele ya lenzi. Nusu ya juu ni nyeusi, nusu ya chini haina rangi. Kinapunguza mwanga wa juu, wa chini hauguswi."

"Kwa hivyo huu weusi wa juu si wingu?"

"Ni kioo tu. Anga lilikuwa safi kabisa."

Akaandika. Kipngetich akapata nguvu, ulimi ukafunguka.

"Sasa, viko vya aina mbili. Kuna cha mpaka mkali, hicho ni cha pale Elementaita, maji na anga yanapokutana kwa mstari mmoja ulionyooka. Subukia ni vilima. Ukitumia hicho, utavikata vilima vichwa. Mimi nikachagua kile ambacho weusi wake unafifia polepole." Alijisikia akisema, akakaribia kujiamini mwenyewe.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Kwenye ule mwamba mkubwa, ukingoni mwa msitu."

"Tarehe?"

"Kumi na nne Februari. Nilifika saa kumi alfajiri, nikakaa mpaka jua likatoka."

"Na nani?"

Kipngetich akajiuliza kama yule mama amesikia habari za Hezekiah. "Peke yangu," akajibu haraka. "Naapa, madam, hakukuwa na mtu mwingine hapo. Hata mchungaji wa mbuzi."

Mteja akabisha hodi. Sauti ya mwanamume nje ikamwambia, "Studio imefungwa kidogo, boss. Rudi baadaye." Kipngetich akadhani ni dereva wa yule mama. Chumba kilikuwa kimeanza kuwa na joto.

"Hicho kioo ulikishika na nini?"

"Na vidole. Sina kile kishikio chake. Unakishusha pole pole mpaka weusi uishie juu ya vilima."

"Ulivaa glavu?"

"Wapi! Ukivaa glavu kinateleza."

Chepkurui akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Mimi nimezaliwa Subukia, bwana Kipngetich. Pale juu, saa kumi alfajiri, na ule upepo, vidole vinakufa. Ulikaa karibu masaa matatu, mikono mitupu, na kioo hakikutetemeka hata kidogo?"

Kipngetich alitazama mlango, magoti ya yule mama yalikuwa yameuziba. Basi ndio hapa nanaswa, akawaza, nirudi kwa videvu vya watu mpaka nife. Aliona aibu, akaona na uchungu. Halafu jibu likamjia, zuri ajabu.

"Si niliwasha moto, madam!"

"Moto?"

"Kamoto kadogo tu, pale chini ya mwamba. Nyasi zilikuwa zimekauka, zikashika mara moja. Nikaota mikono mpaka ikalainika, ndiyo nikashika kioo."

"Ukauzima?"

"Ningeuzima saa ngapi na jua linatoka?" Kipngetich akacheka, kifua mbele. "Mpiga picha wa kweli haachi mwanga umpite, madam. Nilikimbilia kamera."

Chepkurui aliandika yote, neno kwa neno. Kisha akaligeuza daftari. "Kama haya ni maneno yako mwenyewe, weka jina kamili, nambari ya kitambulisho na sahihi."

Kipngetich aliyaweka yote matatu kwa mbwembwe. Yule mama akainuka, akafungua komeo, akamwita yule mwanamume wa nje.

"Ndegwa, lete pingu. Aliyechoma msitu wa Subukia na zile nyumba nne ameshaweka sahihi."