Chini ya Soksi

Mke wa dereva alililaza begi la mumewe sakafuni, akapenyeza mkono chini ya soksi na kuitoa pakiti ya kondomu. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Chumba cha pili mumewe alikuwa akikoroma. Alirudi juzi, baada ya siku kumi na tisa barabarani.

Mdogo wake, aliyekuja kumfulia kwa kuwa ujauzito ulishakuwa mzito, alisimama mlangoni na beseni kiunoni.

"Dada, unajitafutia presha. Mwenzio nilishaacha kupekua."

"Nyamaza, nitakosea."

Dada mtu alikuwa mfagiaji wa kliniki ya pale yanapoegeshwa malori. Somo la muuguzi kwa madereva alishalikariri: namna ya kuchana pakiti, tarehe ya kuisha muda, na lile onyo wanalolichekea kila mara, kwamba mwanamke mgeni humvalia kondomu, wakishamzoea huacha.

Safari ya mwezi wa nne zilipungua tatu. Ya mwezi wa sita, tano. Mara zote alifua, akapika, akakaa kimya. Mumewe naye hakuwahi kuuliza kitu.

"Haya, zimebaki ngapi?"

"Zote kumi na mbili."

Mdogo mtu akalitua beseni, uso umemchanua. "Kumbe shemeji katulia! Mtoto anakuja, akili imemrudi. Mwambie amfunze na wangu."

Dada mtu hakucheka. Alikuwa amelishika shati la kazi, lile lililoondoka bila kifungo cha pili kwa sababu alisahau kukishona. Sasa kifungo kilikuwepo. Kilishonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo, ya mtu asiye na haraka. Kola ilikuwa imepigwa pasi.

"Shemeji yako hajui hata kutunga uzi," alisema.

"Si fundi tu huyo wa njiani?"

"Fundi hapigi pasi kola, akakunja na soksi."

Aliitazama ile pakiti. Miaka sita sasa alikuwa akizichukua kliniki na kuzitia mle kwa mkono wake mwenyewe, kumi na mbili kila safari, na kila zilipopungua alilala usingizi.

"Acha nguo," alimwambia mdogo wake. "Nisindikize nikapime."