Kiraka cha Uzi Mwekundu

Wakfu wa kiwanda cha saruji uliwaletea wajane wa mji vyerehani, mwalimu, na furushi la ovaroli kuukuu za wafanyakazi, wajifunzie kushona.

Nyamizi alipewa yenye kiraka gotini, kilichoshonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu. Akakipapasa.

“Kifumue hicho, mama, ukishone upya kwa cherehani,” mwalimu alimwambia. “Kitakaa vizuri.”

“Kimekaa, mwanangu. Nilikishona mwenyewe. Uzi mweusi ulikuwa umeisha, marehemu akasema hata mwekundu utafaa, mradi asichelewe zamu.”

Vyerehani vya wajane wengine viliendelea kunguruma. Nyamizi akaupindua mfuko wa ovaroli, vumbi la saruji likamwagika mezani. Akalizoa lote, akafumba kiganja, asijue pa kuliweka.