Ndege Wasio na Miguu

Gamba la rangi kuukuu lilipobanduka, ukutani likatokea bawa.

Mchoraji akaacha kukwangua. Alikuwa amekuja kupaka rangi chumba cha mama yake, kazi ya asubuhi moja tu. Akapangusa vumbi kwa kiganja, akaendelea kubandua kwa kucha. Bawa likazaa ndege, ndege akazaa kundi zima, wote hawana miguu, wote shingo zimegeukia nyuma.

Walikuwa ndege wake. Ndio hao hao waliompa jina mjini, ambao siku zote aliapa hakuwaiga kwa mtu.

"Mama, nani kachora hapa?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Chai ikamwagikia vidole, wala hakushtuka.

"Baba yako."

"Si ulisema alikuwa dereva, akafa ajalini?"

"Dereva alikuwa. Baadaye usingizi ukamkimbia, akawa anaongea na kuta. Alifia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili."

Mchoraji akaketi kitandani. Mwezi uliopita, kwenye kitanda hiki hiki, alimshika mama mkono akamwambia hapati usingizi, na kwamba kuta zimeanza kumwita kwa jina. Mama alicheka. Uchovu tu huo, mwanangu, punguza kazi.

"Kumbe ulijua."

Mama alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, akamnyooshea.

"Wafunike upesi. Mwanao anakaribia kufika hapa kutoka shule, na siku hizi naye anachora, kalamu haimtoki mkononi."