Swichi ya Gari la Viti Viwili

Gekara hakuwa na gereji, ila kibanda cha mabati nyuma ya duka moja hapo Sotik. Hakuwa na jeki. Magari aliyainua kwa magogo. Hakuwa na mke. Na asubuhi hiyo ya mwaka wa sabini na moja, hakuwa na mtu hata mmoja wa kusema yeye alikuwa wapi Jumanne iliyopita.

Alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, akilegeza nyaya za swichi ya kuwashia injini. Panga la Mokaya, mwenye gari, lilikuwa juu ya kiti, karibu na sikio lake.

"Endelea na kazi," Mokaya alisema. "Mimi nauliza tu."

Mokaya alikuwa karani katika shamba moja la majani chai. Gari lile dogo jekundu la mbio, lenye paa la turubai, alilinunua kwa meneja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Jumanne lilitoweka nyumbani pamoja na mkewe, Nyambeki. Jioni likapatikana Kapsoit, pale watu wanapopandia mabasi ya Kisumu. Mama mmoja muuza mahindi alimwona mwanamke mwenye mkono wa bendeji akishuka. Dereva hakumwona vizuri. Mvua ilikuwa kubwa, na mtu huyo alijifunika koti mpaka masikioni.

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, kazini," Mokaya alisema. "Nani alijua swichi hii imekwisha, hata msumari unaiwasha?"

"Mimi nilikuambia, Bwana Mokaya. Nilitaka uibadilishe mapema."

"Ulituambia mimi na baba, hapa hapa. Basi tuliojua ni watatu."

Baba yake, Mzee Bogonko, alikuwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu, fimbo katikati ya magoti, akitazama barabara.

"Mimi nilikuwa ofisini," Mokaya aliendelea. "Huyu mzee aliendesha lori la majani chai miaka mingi, sikatai. Lakini hapa viti ni viwili, na gia iko katikati. Akae bega kwa bega na mke wa mwanawe mpaka Kapsoit?" Alicheka. "Fundi, wewe ni Mkisii kama sisi. Baba hapokei hata uji mkononi mwa Nyambeki. Anawekewa, mwenye kuweka anatoka, ndipo anywe. Kwake ni heri kufa."

"Ni kweli," mzee alisema polepole. "Ni mwiko mkubwa."

"Basi umebaki wewe, fundi. Na huna mke."

Gekara aliingiza swichi mpya katika tundu lake. Nati ilimponyoka mara mbili kwa jasho la vidole.

"Ukimpata huyo mtu, utamfanya nini?" mzee aliuliza.

"Mkono ulioshika usukani huu nitaukata. Na Nyambeki nikimpata, safari hii hatafika hospitali." Mokaya aliinama, uso wake ukawa karibu na wa fundi. "Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

Gekara alifungua mdomo.

"Alikuwa kwangu," Mzee Bogonko alisema. "Tangu alfajiri. Alinitengenezea baiskeli."

Gekara aligonga kichwa kwenye dashibodi. Baiskeli ya mzee huyo hakuwahi kuigusa.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Hukuniuliza."

Mokaya alimtazama baba yake. Mzee hakupepesa macho. Kwao, mtoto hamwiti baba yake mwongo mbele ya mtu wa nje. Mokaya akachukua panga, akalitia chini ya kiti.

Kazi ilipokwisha, Mokaya alijaribu msumari kwanza. Haukuzunguka. Akatia ufunguo, injini ikanguruma. Alidai funguo zote mbili, akazifunga ndani ya leso.

"Basi ni mwanamume mwingine," alisema. "Nitamjua tu. Baba, panda twende."

"Tangulia. Nina haja posta."

Gari lilipopotea kwenye kona, Gekara alifuta mikono yake.

"Mzee, umeniokoa. Na hata hukuuliza Jumanne nilikuwa wapi."

"Niazime kalamu," mzee alisema.

Aliandika akiwa amesimama kwenye kaunta ya posta, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, jioni baada ya kazi:

"Nyambeki mwanangu, kaa huko huko Musoma. Hata ukisikia nimekufa, usije kunizika. Na ile aibu ya mimi kuketi kando yako mpaka Kapsoit, usiibebe wewe. Ni yangu."

Akalamba gundi, akafunga bahasha, akaitumbukiza katika sanduku.